Behewa Lililofichwa Handakini

Mtaani walimwita Stesheni, naye alikuwa amelizoea jina hilo kiasi kwamba ukimwita kwa lile alilopewa na wazazi wake angeweza kukupita bila kugeuka. Kazi yake ilikuwa ufundi saa. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo moja la ghorofa tatu, nafasi ya mtu mmoja na stuli, na kila aliyepanda juu alimwangushia vumbi kidogo utosini. Hapo alikaa tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni, lenzi nyeusi imebanwa jichoni, kibano mkononi, akifungua saa za watu.

Saa zilimlisha, lakini moyo wake ulikuwa nyumbani, kwenye chumba kilichobaki kitupu binti yake alipoolewa. Humo kulikuwa na meza kubwa aliyoiunga kwa milango miwili mizee, na juu ya meza hiyo reli, madaraja, stesheni ya vijiti vya kiberiti, handaki la kartoni lililokandikwa simenti nyembamba, na treni. Injini tisa na mabehewa arobaini na moja, hakuna kilichozidi urefu wa kiganja. Nyingi alizipata zimevunjika, kwenye magunia ya mitumba, zimelala katikati ya wanasesere wasio na mikono. Alizirudisha nyumbani mfukoni, akafungua mota zake, akabadilisha gia, akakata mapaa mapya kwa bati la makopo ya maziwa, kisha akazipaka rangi: nyekundu, kijani, bluu, zikang'aa mpaka unaona pua yako.

Jumapili alasiri mlango ulikuwa wazi kwa wageni. Stesheni alivaa shati jeupe, akasimama mkono mmoja juu ya transfoma, kile kisanduku cha kuwashia treni, akasema maneno yaleyale ya kila wiki, "Karibuni, angalieni kwa macho." Watu walielewa kwamba mikono ibaki mifukoni. Kwa miaka kumi na minne hakuna aliyemzidi wala aliyejaribu. Katika mambo ya treni ndogo, mtaa huo na mitaa ya jirani, alikuwa yeye na kivuli chake.

Mkewe alifanya kazi saluni, meza ya kwanza karibu na dirisha, akiwapaka wanawake rangi ya kucha. Kwenye chumba cha treni aliingia kufagia tu, na hata huko kufagia alifagia akiangaliwa.

Siku moja mama huyo alikosea hatua kwenye kizingiti cha saluni, akavunjika kifundo cha mguu. Hospitali wakamfunga plasta mpaka chini ya goti, wakampa magongo na wiki sita za kukaa nyumbani. Wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili alikuwa ameshahesabu mbao za dari mara nne, na kila mumewe aliporudi kazini alimkuta amekaa kitandani, amemkunjia uso kama vile yeye ndiye aliyejenga kile kizingiti.

"Baba, nitafutie kitu cha kufanya," alimwambia. "Nikikaa hivi siku tatu zaidi nitaanza kuongea na pazia."

Stesheni alifikiri kidogo, akaenda kwenye boksi la vitu vilivyomshinda, akachomoa behewa la mizigo, kuukuu, lina ufa ubavuni na rangi ya njano iliyobabuka. Alimpa kama mtu anavyompa mtoto funguo achezee ili anyamaze.

"Paka hili. Ukiliharibu halina hasara."

Jioni ya siku ya pili yake alirudi akalikuta juu ya kimeza, kwenye gazeti, linakauka. Alipoliona, kwanza alidhani mkewe ameleta behewa lingine kutoka mahali fulani. Lilikuwa jekundu lililochoka, lile la vitu vinavyolala nje juani na mvuani. Ule ufa mkewe hakuuziba. Aliupitishia kutu, na kutu ikachuruzika chini kama ilivyo kwenye mabati. Kwenye mlango kulikuwa na namba iliyofutwa, na juu yake namba mpya, nyeupe zaidi kidogo.

"Hili la namba mbili amekufundisha nani?"

"Hakuna aliyenifundisha. Kitu kikitumika miaka mingi si kinabadilishwa namba? Hata mageti ya watu yako hivyo."

"Umelichafua kweli," alisema Stesheni. Kisha, kwa kuwa mkewe alikuwa bado anamtazama, akaongeza, "Si baya."

Mkewe alipokwenda kuoga, alichukua lenzi yake ya saa akalikagua behewa lile upande hadi upande. Alikuwa anatafuta kosa. Alitafuta chini, alitafuta kwenye pembe, mahali ambapo rangi huganda na kumuumbua mpakaji. Hakuona. Alilirudisha kwenye gazeti polepole. Kifuani palimchoma kitu kidogo, akajiambia ni vile vitunguu vya mchana.

Jumapili iliyofuata mkewe aliomba behewa lake lipangwe pamoja na mengine, naye hakuwa na sababu ya kukataa. Wageni walikuwa sita. Walisalimia, waliingiza mikono mifukoni, wakazipita injini zote tisa kwenye reli ya mbele kama watu wanaopita foleni ya benki isiyowahusu, wakaenda kuinama kwenye behewa moja chafu.

"Hili ndilo la kweli," alisema jirani mmoja aliyekuwa fundi magari. "Haya mengine mazuri, sikatai. Lakini hili limefanya kazi."

Shemeji yake Stesheni, mdogo wa mkewe, mtu asiyejua kunyamaza, alimpiga kofi la mgongoni. "Shemeji, umepata mpinzani, tena mnalala naye chumba kimoja."

Walicheka wote. Stesheni naye alionyesha meno. Akazungusha kitufe cha transfoma, treni ikaondoka, ikazunguka nusu meza, na ilipoingia handakini akaizima. Injini ilitokeza upande mmoja, mabehewa matatu ya bluu yalibaki nje upande wa pili, na lile jekundu likabaki katikati, gizani.

"Umeme," alisema. "Siku hizi hautabiriki."

Taa ya dari ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyao, lakini walikuwa wageni wenye adabu.

Jumapili mbili zilizofuata umeme ulikatika mahali palepale. Mara ya pili mkewe alisimama mlangoni, ameegemea magongo, akaangalia handaki, akamwangalia na mumewe. Wageni walipoondoka akauliza, "Behewa langu lina nini? Linaogopa mwanga?"

"Ni ile reli. Imepinda kidogo hapo."

"Wewe, mwenye saa zote hizi, reli imekushinda kunyoosha?"

Stesheni alianza kufuta reli kwa kitambaa. Wivu aliujua, alikuwa ameuona kwa watu wengine na kuucheka. Lakini wa mtu na mkewe, tena kwa ajili ya rangi, hakuwahi kuusikia, na hakujua amwambie nani.

Basi akaanza vituko. Mkewe alipomwagiza kopo dogo la rangi ya kahawia, alirudi mikono mitupu akasema duka lilikuwa limefungwa. Mkewe hakulalamika. Alifungua mkoba wake wa kazi, akatoa vichupa vya rangi ya kucha, poda za kupaka kope, brashi zake nyembamba kama kope zenyewe, akaanza kuchanganya kwenye kifuniko cha jamu. Poda ya kahawia ikawa kutu. Poda ya kijivu ikawa moshi. Rangi safi ya kucha, ile isiyo na rangi, ikawa mafuta yanayovuja kwenye magurudumu. Stesheni, aliyekuwa na makopo thelathini ya rangi yaliyopangwa kwa herufi, alisimama nyuma yake akitazama, na akawa anatamani rangi zile zigande.

Hazikuganda. Mabehewa yakawa manne. Kisha mama akataka injini.

Akampa moja kutoka kwenye lile boksi, mbaya kuliko zote. Mota yake aliitengeneza mwenyewe, ilikuwa inakimbia vizuri, lakini bodi lake liliwahi kuachwa karibu na jiko, na pua yake ilikuwa imeyeyuka ikainama upande. Alimpa kwa moyo mweupe wa nje. Ndani alikuwa anasema, hapa sasa tutaona.

Mkewe aliigeuzageuza siku nzima bila kuipaka. Siku ya pili akaamua kwamba injini hii iligonga kitu zamani, ikanyooshwa na mafundi waliokuwa na haraka. Akaipaka hivyo: mbonyeo uliopigwa nyundo, rangi ya kiraka isiyolingana na rangi ya mwili, masizi yaliyolala nyuma ya bomba la moshi kwa upande wa upepo. Ile pua iliyoyeyuka ikawa ndiyo habari yenyewe.

Usiku ule, alivyokuja kukiri baadaye kwangu mimi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Stesheni alilala akiangalia plasta ya mkewe iliyotokeza nje ya shuka, na wazo likampita: laiti ungekuwa mkono. Alishtuka, akageukia ukutani.

Katika wiki ya mwisho ya plasta alikuja mgeni aliyekuwa akisubiriwa miaka mingi. Alikuwa dereva wa treni mstaafu, mzee mrefu aliyeendesha treni za kweli miaka thelathini na moja. Stesheni alishamwalika mara tatu kupitia watu, na mara zote mzee alikuwa na udhuru. Siku hiyo alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Stesheni alivaa lile shati jeupe ingawa ilikuwa Jumatano.

Mzee aliziangalia injini nyekundu, kijani na bluu. Alitikisa kichwa kwa heshima. "Safi," alisema. "Safi sana, fundi." Alisema kama daktari anayesoma kipimo kisicho na ugonjwa. Kisha macho yake yakafika mwisho wa reli. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akapiga goti moja pale sakafuni ili uso wake ulingane na meza.

Alikaa hivyo muda mrefu.

"Hii," alisema hatimaye, "nani ameitengeneza hii?"

Jikoni kulikuwa na sauti ya magongo, tap, tap, mke wa Stesheni akileta chai kwa kuisogeza kidogokidogo kwenye kitoroli. Stesheni aliisikia sauti ile vizuri kabisa. Na bado akasema, "Mimi."

Sauti ya magongo ilikatika.

Halafu magongo yakaendelea, na mama akaingia na chai, akamwamkia mzee, akamsogezea kikombe.

"Shemeji," mzee alimwambia, "huyu bwana wako amenirudisha kazini leo. Mkono wake umeona vitu."

"Ndiyo, mzee," alisema mama, akimimina. "Ana mkono mzuri."

Hakumwangalia mumewe. Stesheni alikunywa chai ile bila kujua kama ina sukari, na mzee alipouliza masizi mbona yamelalia upande mmoja, akajibu kwamba rangi iliisha.

Kabla hajaondoka, mzee alitoa picha ndani ya kofia yake. Ilikuwa injini yake ya mwisho, aliyoiendesha miaka kumi na tisa mpaka ilipokatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Hata bati moja la namba hakubakiwa nalo.

"Nitengenezee hii, fundi. Lakini si kama zile zinazong'aa. Kama hii hapa chini."

Mke wa Stesheni hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Alikusanya brashi zake, akazifuta moja moja, akazirudisha kwenye mkoba wa kazi na kuufunga zipu. Wiki iliyofuata plasta ilitolewa, akarudi saluni akichechemea, na jina la treni halikutoka tena kinywani mwake. Alimpikia mumewe, alimuuliza habari za kazi, alicheka na jirani dirishani. Alipofika mlango wa kile chumba alipita kama anapita ukuta.

Stesheni alianza kazi ya mzee peke yake. Umbo halikumsumbua, aliipima picha kwa rula, akakata bati, akaunga, mpaka injini ikafanana hata kwa idadi ya misumari. Kisha akafika kwenye rangi. Alichanganya kahawia kwa ajili ya kutu, akapaka. Ilionekana kama injini iliyomwagiwa mchuzi. Akaiosha kwa spiriti. Akaweka ya mkewe pembeni, akaiga alama kwa alama, mbonyeo kwa mbonyeo. Ikawa kama uso wa mtu aliyejipaka masizi kuchekesha watoto. Akaosha tena. Mara ya tatu hakungoja hata ikauke.

Siku hiyo alifunga kibanda mapema, akajikuta amesimama upande wa pili wa barabara, akitazama saluni. Mkewe alikuwa dirishani, ameshika vidole vya mteja, anamsimulia jambo lililomfanya mteja atupe kichwa nyuma kwa kicheko. Na wakati anasimulia, bila kuangalia sana, brashi ilikuwa inatembea ukuchani, mara moja, mara mbili, mara tatu, basi. Hakuna aliyeshika pumzi. Stesheni alikuwa anashika pumzi kila alipopaka, miaka yote kumi na minne. Alisimama pale mpaka muuza magazeti akamuuliza kama amepotea.

Jioni, mkewe akiwa anakunja nguo zilizokauka, alikuja akasimama karibu na kapu.

"Nilimdanganya yule mzee."

"Najua. Nilikuwepo."

"Ungesema pale pale."

"Nilikuwa na chai ya moto."

Stesheni alichukua soksi moja, akatafuta mwenzake, hakumwona. "Imenishinda ile injini. Nimeiosha mara tatu. Nakuomba unisaidie, mama."

"Nikusaidie vipi? Nipake, halafu wewe uvae shati jeupe ukapeleke?"

Ndivyo hasa alivyokuwa amepanga.

"Baba, mimi sikutaka sifa za mtu," mkewe alisema, akiwa bado anakunja. "Mguu uliniuma, nikapata kitu kikanisahaulisha maumivu. Ulipoficha behewa langu nilicheka. Nikasema ni mtoto, atakua. Lakini ile siku ulinifuta mbele ya mgeni, nami nimesimama hapo na kitoroli." Aliweka shati juu ya rundo. "Nenda kamwambie. Akitaka bado, aje mwenyewe. Nina maswali ya kumuuliza, na picha haiongei."

Nyumba ya mzee ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, naye alitumia saa nzima kufika. Alimkuta amekaa barazani anamenya karoti. Alisema yote akiwa amesimama, na hata lile la handaki akalisema, ambalo hakuna aliyemuuliza.

Mzee alimaliza karoti aliyokuwa nayo. "Nilishangaa," alisema. "Nilikuuliza masizi yale mbona yamelalia upande mmoja, ukaniambia rangi iliisha. Mtu aliyeyapaka asingenijibu hivyo." Akachukua karoti nyingine. "Shemeji anapatikana siku gani?"

Alikuja alasiri tatu, siku ambazo mama hakuwa na zamu. Walikaa kwenye ile meza, mama na brashi zake, mzee na kumbukumbu zake, na Stesheni akaketi pembeni kwenye stuli, akiwa hana kazi nyumbani kwake mwenyewe. Mama aliuliza mzee alikuwa akishika wapi anapopanda. Mzee akaonyesha, na hapo mama akaichubua rangi mpaka bati likaonekana. Aliuliza alikuwa akitupa wapi majani ya chai. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akasema dirisha la kushoto, miaka kumi na tisa, na mama akapaka doa refu chini ya dirisha la kushoto. Stesheni aliwasikiliza. Angetamani aulizwe yeye hata swali moja.

Alijitafutia la kufanya. Aliifungua mota ya injini ile, akaiwekea gia mbili alizozitoa kwenye saa ya mezani iliyokufa, ili isiondoke kwa kurukaruka kama kitu cha kuchezea, bali ijikokote kwanza, nzito, kisha ndipo ikolee mwendo. Kazi hiyo ilimchukua siku nne, na alijua kwamba hakuna mtu mitaa yote ile angeweza kuifanya.

Siku ya kukabidhi, mzee aliishika injini kwa mikono miwili, akaiinua mpaka usawa wa macho, akatafuta doa la majani ya chai. Alipoliona alikaa chini. Mama naye alijifanya anafuta brashi iliyokwisha kuwa safi. Kisha wakaiweka relini, Stesheni akazungusha kitufe, ikajikokota, nzito, ikaondoka.

"Inakwenda vizuri," alisema mzee, na akarudi kumsifia mama lile doa.

Maneno mawili tu, kwa siku nne. Stesheni aliyameza. Aliniambia kwamba mpaka jioni alikuwa bado anayarudia kichwani.

Tangu hapo Jumapili zina utaratibu mwingine. Treni haizimiki tena handakini. Mgeni akiuliza nani amepaka, Stesheni husema, "Mke wangu, huyo hapo," na mwanzoni alilisema haraka, kama mtu anayemeza kidonge, lakini siku hizi analisema kwa sauti ya kawaida. Injini zake zinazong'aa bado ziko reli ya mbele, na mtu akizisifia kwanza, anamkumbuka mtu huyo kwa wiki nzima.

Juzi mkewe alimwomba amfundishe kulehemu waya, kwa sababu anataka kuweka taa ndogo kwenye mabehewa yake. Stesheni alimwonyesha namna ya kushika pasi ya kulehemu, namna ya kungoja ipate moto, kiasi cha risasi ya kuyeyusha cha kutumia. Jambo moja hakumwambia: kwamba ncha ya waya lazima ikwanguliwe kwanza, la sivyo risasi haishiki. Alasiri nzima mama alihangaika, kila alipounga, waya uliachia, naye Stesheni akakaa kwenye stuli yake anasoma gazeti ukurasa mmoja.

Asubuhi yake alikunywa chai, akachukua mkoba wake wa vifaa, akatoka. Alifika getini, akasimama. Akarudi mpaka mlango wa chumba, ambako mkewe alikuwa ameshaketi, bado amejifunga kanga ya kulalia, anajaribu tena.

"Kwangua waya kwanza," alisema. "Kwa wembe, mpaka ung'ae. Jana sikukuambia."

Mkewe aliinua macho. "Ulisahau?"

"Hapana," alisema Stesheni, akaenda kazini.